Debian ubavuni mwa Windows: shajara ya laptopu mpya

Ijumaa usiku. Mashine na masharti

Prosesa ni AMD Ryzen, RAM GB 8 zilizochomelewa kwenye ubao mama kwa hiyo haziongezeki, SSD ya NVMe ya GB 512, na Windows 11 Home iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Nataka Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikae kando ya Windows kwa masharti matatu: Windows isifutwe, usimbaji wa diski usizimwe, na Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zenye saini tu kuiwasha mashine, ibaki imewashwa.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukiyaacha, shughuli yote ni ya jioni moja, na mafundi wengi mtaani ndivyo wanavyofanya: anaingia BIOS, anazima Secure Boot, anapiga anachopiga, anakukabidhi mashine yako. Haina ubaya kwa kompyuta inayokaa mezani. Hii yangu inapanda daladala na bodaboda. Ikiibiwa, sitaki mtu achomoe SSD, aichomeke kwenye mashine yake, asome mahesabu ya duka la dada na ramani za wateja wangu.

Windows inabaki kwa sababu ya duka. Programu ya mahesabu na printa ya risiti zinajua Windows tu. Debian naitaka kwa ajili ya kazi yangu ya ramani: QGIS ya kuchorea ramani, PostGIS ya kuhifadhia data zake na skripti za Python ambazo mwishowe zinakwenda kukaa kwenye seva ya Linux. Ipo njia ya WSL, yaani Linux kukimbia ndani ya Windows, na zipo mashine pepe. Sina ugomvi nazo, ila kwa GB 8, Windows ikishachukua fungu lake na PostGIS ikachukua lake, QGIS inabaki inahema. Mifumo inayowaka kwa zamu, kila mmoja unaipata RAM yote.

Kwa nini Debian na si Ubuntu? Bando. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. La Debian la kusakinisha kwa mtandao halifiki GB 1, halafu unapakua unachokitaka tu. Zamani Debian ilikuwa inasumbua kwenye laptopu mpya kwa kuwa programu dhibiti za kadi za Wi-Fi zilikuwa hazimo kwenye kisakinishi. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Toleo la 13 la Agosti 2025 linakuja na kerneli (kiini cha mfumo) 6.12, ambayo inaifahamu mashine hii.

Jumamosi asubuhi. Ufunguo kwanza, mengine baadaye

Kabla ya kugusa diski nimefungua terminali ya Windows kama msimamizi na kuandika `manage-bde -status C:`. Jibu: diski imesimbwa, ulinzi umewashwa. Mimi sikuwasha. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 hujisimbia diski yenyewe kwenye mashine mpya, hata ya Home, mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Wenye laptopu hizi wengi hawana habari kwamba upo ufunguo wa dharura wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6, na kwamba umehifadhiwa kwenye akaunti yao. Siku mashine itakapouliza ufunguo huo na akaunti yenyewe ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe aliyoitunga palepale, ndiyo kwa heri ya data.

Nimeuandika kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, nikaulinganisha na ule unaoonekana kwa amri `manage-bde -protectors -get C:`. Amri hiyo inaonyesha na kitu kingine cha maana: chini ya TPM kuna mstari unaotaja PCR 7 na 11. Kazi yote ya wikiendi hii imejificha kwenye mstari huo.

TPM ni chipu inayotunza ufunguo wa diski. Haiutoi hovyo. Mashine inapowaka, kila hatua inapimwa na kipimo kuandikwa kwenye visanduku vinavyoitwa PCR. Cha 7 kinahusu Secure Boot: imewashwa au la, na ni cheti cha nani kilichotumika kuruhusu programu iliyoanza. Vipimo vikiwa vilevile vya jana, ufunguo unatoka na Windows inawaka bila wewe kujua kitu. Kikibadilika kimoja, unapata skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Maana yake kuingiza Linux kwenye mashine hii ni kubadilisha vipimo, na inabidi nijue nabadilisha kipi na lini.

Nakala rudufu ya mafaili nimeiweka kwenye diski ya nje. Hilo halina maelezo.

Jumamosi mchana. Kuinyang'anya Windows nafasi

SSD ya GB 512 Windows inaisoma GB 476, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Zimetumika chini ya 80. Nimefungua `diskmgmt.msc`, nikabofya C: na kuomba ipunguzwe. Imenipa giga thelathini na ushei. Mia tatu na zaidi ziko tupu na inanipa thelathini!

Kisa chake ni mafaili yasiyohamishika. Windows inaweza kukata patisheni, yaani kipande cha diski, kuanzia mwisho hadi inapokutana na faili ambalo haliruhusiwi kusogezwa, hata kama faili hilo limekaa peke yake katikati ya diski. Ukitaka kulijua, fungua Event Viewer, nenda kumbukumbu za Application, tafuta tukio namba 259. Linakutajia faili kwa jina. Kwangu la kwanza lilikuwa `hiberfil.sys`, ambamo Windows inamwaga RAM yake inapolala usingizi mzito.

`powercfg /h off` inalifuta. Na amri hiyohiyo inaizima Fast Startup, ambayo ilikuwa lazima izimwe hata hivyo. Fast Startup ikiwa imewashwa, ukibonyeza "Shut down" Windows haizimi kwa kweli. Inagandisha kerneli yake kwenye diski na kuacha patisheni zake zikiwa wazi nusunusu. Mfumo mwingine ukiandika humo katikati, Windows ikirudi inaendelea na ramani ya jana juu ya diski ya leo. Mafaili yanapotea hivyo, halafu lawama inapewa Linux.

Baada ya hapo nimezima kwa muda faili la kubadilishana RAM na kumbukumbu za kurejesha mfumo, nikawasha upya, nikaomba tena. Safari hii imekubali zaidi ya 240. Nimekata hizo 240, kisha nikavirudisha nilivyovizima, isipokuwa usingizi mzito.

Kumbuka kukata kwa zana ya Windows yenyewe. Patisheni iliyosimbwa si ya kugawiwa na GParted, zana ya Linux ya kugawia diski.

Jumamosi jioni. Geti na mwenye funguo

Secure Boot ni kama nyumba ya kupanga ambayo ufunguo wa geti anao mwenye nyumba. Laptopu karibu zote zinatoka kiwandani na vyeti vya Microsoft, kwa hiyo mifumo ya Linux nayo hupeleka kipande kidogo kiitwacho shim kwa Microsoft kikatiwe saini, na shim ndiyo inayoikubali GRUB (menyu ya kuchagulia mfumo wa kuwasha) na kerneli ya Debian. Debian wanafanya hivyo tangu toleo la 10. Kinadharia, basi, flashi inachomekwa na mambo yanakwenda.

Kwenye laptopu mpya kuna kikwazo kingine. Microsoft ina vyeti viwili tofauti, kimoja cha Windows yenyewe na kingine cha programu za wengine kama shim. Tangu 2022 baadhi ya mashine zinauzwa hicho cha pili kikiwa kimezimwa. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Flashi inaonekana kwenye menyu ya kuwashia, unaichagua, skrini inapepesa, inarudi palepale. Hapo wengi ndipo wanapoamua kuizima Secure Boot yote, na hakuna haja: ndani ya ukurasa wa Security wa UEFI, ile ambayo mafundi bado wanaiita BIOS, kuna swichi iliyoandikwa "Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA". Iwashe hiyo tu.

Kuiwasha ni kugusa kipimo cha PCR 7, kwa hiyo kwanza nimerudi Windows na kuandika `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`. Hiyo haisimbui diski. Inausimamisha tu ulinzi mpaka uurudishe, na hiyo sifuri ndiyo inayosema usijirudishe wenyewe baada ya kuwasha mara moja.

Jambo la pembeni kwa mwenye mashine ya zamani kidogo: vyeti hivyo vya Microsoft ni vya 2011, mwisho wake umepangwa kuanza Juni 2026, na vya kuvirithi ni vya 2023. Laptopu haitagoma kuwaka siku hiyo, ila shim mpya zitakuja zikiwa na saini mpya, na UEFI isiyokijua cheti kipya itazikataa. Kwenye Linux, `mokutil --db` itakuonyesha kama mashine yako inavyo. Hii inavyo.

Jumamosi usiku. Kusakinisha

Sehemu fupi kuliko zote. Nimehakiki faili kwa `Get-FileHash`, nikaliandika kwenye flashi kwa Rufus, nikachomeka simu kwa waya wa USB igawe intaneti. Debian inaiona kama kadi ya mtandao ya kawaida. Saa za eneo: Dar es Salaam. Mazingira ya skrini: Xfce, maana RAM ni ndogo na sina muda wa mapambo.

Patisheni nimezigawa kwa mkono. Ile ya EFI, yenye programu za kuwashia, ya MB 260 aliyoitengeneza mtengenezaji inatumiwa na mifumo yote miwili na HAIFOMATIWI. Debian inaongeza folda yake humo na kuchukua megabaiti chache tu. GB 1 ya `/boot`, kisha GB 180 hivi zilizosimbwa kwa LUKS, usimbaji wa Linux. Haina maana Windows ivae kofuli na Debian ilale mlango wazi. Kisakinishi kinataka kujaza patisheni yote takataka kabla ya kusimba. Kwa SSD mpya isiyo na siri za zamani nimekataa, nikaokoa muda. Nafasi iliyobaki nimeiacha tupu kwa ajili ya kesho.

Umeme ulikatika katikati ya kupakua. Betri na simu vikaendelea kama hakuna kilichotokea, na hapo ndipo unaona faida ya kufanya haya kwenye laptopu.

Jumapili. Skrini ya buluu, na nani atangulie

Debian imewaka. Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, tachipadi, kamera: vyote vipo bila kuguswa. `sudo update-grub` imeandika mstari ambao watu huungojea, `Found Windows Boot Manager on /dev/nvme0n1p1`. Kwenye menyu ya GRUB kuna Debian na kuna Windows. Wengi wangesema kazi imekwisha.

Nimerudisha ulinzi wa diski, nikazima, nikawasha, nikachagua Windows kupitia GRUB. Skrini ya buluu, tarakimu 48.

Windows haijaharibika. Ukiingia kupitia GRUB, cheti kilichopimwa kwanza ni kile cha wengine, cha shim, na TPM inategemea cha Windows peke yake. Vipimo havilingani, ufunguo hautoki. Kwenye mitandao utaambiwa uzime usimbaji. Dawa yenyewe ni kutopitia GRUB ukienda Windows. Unaichagua kwenye menyu ya UEFI, kwangu ni F12 wakati wa kuwasha. Na ulinzi uurudishe ukiwa umeingia Windows kwa njia hiyo ya moja kwa moja, kwa `manage-bde -protectors -enable C:`, ili TPM ijifunze vipimo sahihi. Nimehakikisha kwa `msinfo32`: mstari wa PCR7 unasema "Bound". Ukisema "Binding Not Possible", umeingia kwa mlango usio wake.

Dada alikuja mchana kutoa ripoti ya duka, akabonyeza kitufe, ikaja menyu nyeusi.

"Kaka, mbona imekuwa hivi? Si ulisema ni mpya?"

"Shuka chini kwa mshale, chagua Windows."

"Mimi na mishale wapi na wapi. Nataka ikiwaka iwake."

Ana hoja. Nilikuwa nimeandaa skripti ya kuipeleka mashine Windows kutoka Debian, nikaiacha, nikageuza mpangilio mzima. `efibootmgr` inaonyesha Windows ni `Boot0000` na debian ni `Boot0001`, Debian ikiwa mbele. Nimeandika `sudo efibootmgr -o 0000,0001`. Sasa kitufe kikibonyezwa inawaka Windows kama ilivyotoka dukani, na mimi nikiitaka Debian nabonyeza F12. Ndani ya GRUB nimezima kutafuta mifumo mingine, kwa `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=true`, ili hata kwa bahati mbaya mtu asiingie Windows kwa mlango mbaya.

Faida nyingine sikuitegemea. Lalamiko kubwa la wenye mifumo miwili ni kwamba Windows ikijisasisha hujirudisha mbele kwenye foleni. Hapa tayari iko mbele, ijirudishe itakavyo. Na nikiwa Debian nimesasisha kerneli na nataka kurudi Debian bila kukodolea macho F12, kuna `sudo efibootmgr -n 0001`, inayoagiza mara hiyo moja tu. Nimeipa jina fupi kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali: `rudi`.

Jumatatu. Saa

Nilikuwa kwenye Debian saa tano asubuhi. Nimewasha Windows, inaniambia saa mbili.

Saa ya ubao mama ni moja na haina eneo. Linux inaandika humo saa ya dunia, UTC. Windows inasoma ileile ikidhani ni saa ya hapa. Tofauti yetu na UTC ni saa tatu, kwa hiyo Windows inarudi nyuma saa tatu kamili mpaka itakapojirekebisha kwenye mtandao. Kwa mwenye kucheza gemu si neno. Kwa duka linalotoa risiti ni tatizo, risiti ya mchana ikiandikwa asubuhi.

Njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia Debian itumie saa ya hapa, `timedatectl set-local-rtc 1`, na systemd inakukemea ukifanya hivyo. Kemeo hilo linatoka kwa watu wa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Sisi Afrika Mashariki tuko UTC+3 Januari mpaka Desemba, hivyo lisingetuhusu sana. Hata hivyo nimechagua ya pili, ya kuifundisha Windows, kwa kuwa ni mstari mmoja na haunigusi tena:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Nimewasha huku, nimewasha kule. Saa ni moja.

Jumanne. Kulala

Hapa sijafurahi. Nimeifunga kifuniko usiku ikiwa Debian, betri 84%. Asubuhi 61%. `cat /sys/power/mem_sleep` inajibu `[s2idle]`, usingizi mwepesi, peke yake, yaani ule usingizi wa zamani wa S3, ambao mashine ilikuwa inazima karibu kila kitu na kubakisha RAM, mtengenezaji hakuuweka. Laptopu nyingi za siku hizi ziko hivyo, na ndani ya Windows nayo inavuja, ingawa kidogo zaidi.

Nikafikiria usingizi mzito, RAM imwagwe kwenye diski. `cat /sys/power/disk`: `[disabled]`. Kerneli ya Debian ikiwaka chini ya Secure Boot hujifunga na kukataa jambo hilo, kwa sababu picha ya RAM iliyolala kwenye diski mtu anaweza kuichezea na kuirudisha kama kerneli halali. Kwa hiyo ni kuchagua: Secure Boot au usingizi mzito. Nimebaki na Secure Boot, na jioni nazima. Kuwaka hadi nenosiri la LUKS ni sekunde chache.

Jumatano. Uwanja wa pamoja, na Kiswahili

Ile nafasi tupu, GB 60 hivi, imekuwa exFAT. Kerneli inaisoma na kuiandika yenyewe, Windows pia. Nimeitengeneza kwa `mkfs.exfat` kutoka Debian na kuipa aina ya patisheni 0700, la sivyo Windows haiioni kabisa. Haijasimbwa, kwa hiyo kinachokaa humo ni picha za setilaiti za Sentinel-2 tu, ambazo mtu yeyote anazipakua bure na kila moja inakaribia GB 1. Skripti na hazina za git, programu inayofuatilia mabadiliko ya mafaili, hazikai humo. ExFAT haijui ruhusa za mafaili, na git itakuletea mabadiliko ambayo hukuyafanya.

Nimeongeza `sw_TZ.UTF-8` kwenye lugha za mfumo na kusakinisha `hunspell-sw`, LibreOffice ikaacha kuchora mstari mwekundu chini ya kila neno la ripoti zangu. Vijana hawajui, lakini programu ya ofisi kwa Kiswahili ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, Jambo OpenOffice, kwenye upande huuhuu wa programu huria.

Alhamisi. Hali ilivyo

Windows imepata masasisho yake ya mwezi na Debian imewaka baadaye. Nilikuwa nangoja hilo kabla ya kusema neno, kwa sababu sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024 lilifungia shim za zamani, na mashine nyingi zenye mifumo miwili zikaamka na maandishi `Verifying shim SBAT data failed`. Tiba yake ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kuandika `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, kuwasha upya, kusasisha shim na kuirudisha Secure Boot. Nimeiandika nyuma ya karatasi yenye tarakimu 48. Flashi ya Debian naiacha kama ilivyo, isiwekewe sinema.

Kisoma vidole hakimo kwenye orodha ya libfprint, programu ya Linux ya kuendeshea vifaa hivyo, nimeacha kukihangaikia. PostGIS inarejesha hifadhidata ya zamani wakati naandika hapa; `free -h` inaonyesha GB 2 na ushei bado ziko huru, QGIS ikiwa wazi. Kilichobaki ni printa ya risiti: dada anataka nijaribu kama CUPS, mfumo wa kuchapia wa Linux, itaikubali, ili asihitaji Windows hata kwa hilo. Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, mahesabu yakishafungwa.